Filamu ya Mapanki na Jibu la Kanisa: Imani Inapohojiwa Kando ya Ziwa Victoria

Mjadala kuhusu Wakristo na filamu zinazotikisa imani kwa kawaida huhusu filamu zinazomgusa Yesu mwenyewe. Mwaka 1988, The Last Temptation of Christ ya Martin Scorsese ilizusha hasira hata ukumbi wa sinema wa Saint-Michel, Paris, ukachomwa moto na watu wakajeruhiwa. Mwaka 2006, ilipotoka The Da Vinci Code, Opus Dei, taasisi ya Kanisa Katoliki iliyochorwa vibaya ndani yake, iliamua kujieleza hadharani badala ya kugombana. Makala hii inadai kwamba kwa Kanisa la Tanzania mtihani mgumu zaidi ulitoka kwenye filamu isiyomkejeli Kristo popote: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyopigwa picha Mwanza na kuanza kuonyeshwa mwaka 2004.

Filamu hiyo inamfuatilia sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaangamiza aina nyingi za samaki waitwao furu na kuzaa biashara kubwa ya minofu iendayo Ulaya. Inatupitisha viwandani, uwanja wa ndege, kambi za wavuvi, na mahali ambapo mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, huanikwa na kukaangwa. Mwaka 2006 iliwania tuzo ya Oscar, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akaishutumu na maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza. Kilichobishaniwa zaidi ni sifa ya nchi, soko la samaki, na dokezo kwamba ndege zinazofuata minofu huja na silaha. Swali la imani lilifunikwa na kelele hizo.

Swali hilo limo katika sehemu mbili. Katika ya kwanza, mchungaji anayehudumia wavuvi wanaokufa kwa UKIMWI anaulizwa kama huwashauri watumie kondomu. Anajibu kwamba hapana, kwa sababu ni dhambi. Katika ya pili, wavuvi wanaonyeshwa filamu ya maisha ya Yesu, nyavu zikijaa samaki kwa amri yake. Tukizitazama kando ya mapanki, sehemu hizi zinauliza jambo zito: je, Injili inayohubiriwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, inamfungua mvuvi macho aone nani anafaidi samaki wake, au inamtuliza asiulize?

Wapo watakaosema filamu haikutenda haki, na wana hoja. Mchungaji mmoja si Kanisa zima. Mji huohuo una Bugando, hospitali ya rufaa inayoendeshwa na Kanisa Katoliki kwa ushirikiano na serikali. Ni mkoa wa Mwanza huohuo uliotoa, katika miaka ya 1990, utafiti ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mtazamaji wa Ulaya hakuonyeshwa wauguzi na watafiti hawa. Upungufu huo unastahili kutajwa waziwazi, kwa ushahidi.

Hata hivyo, kuonyesha upungufu wa filamu si sawa na kulijibu swali lake. Maandiko yenyewe yanatufundisha tofauti hiyo. Nabii Nathani alimwendea Daudi na kisa cha kutunga, cha tajiri aliyempora maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi angeweza kusema kwamba tajiri huyo hayupo na kondoo huyo hayupo. Alipoambiwa kwamba kisa kinamhusu yeye, alikiri dhambi. Katika Luka sura ya 5, Petro aliyevua samaki hadi chombo kikataka kuzama hakujivunia wingi wa samaki. Alipiga magoti akajiita mwenye dhambi. Anayewaonyesha wavuvi muujiza huo hana budi kufika nao kwenye magoti ya Petro.

Kwa Kanisa la kando ya ziwa, kukiri huko kuna maana mahususi. Inawezekana kushika mafundisho ya ndoa na bado kukubali kwamba neno "dhambi" halimtoshi mwanamke ambaye hapati samaki wa kuuza mpaka autoe mwili wake kwa mwenye mtumbwi, desturi ambayo upande wa Kenya huitwa jaboya. Mahubiri yanayomkemea mwanamke huyo na kunyamaza juu ya bei, mikopo na umiliki wa mitumbwi yamechagua dhambi ya kuitazama. Hapo filamu imesema kweli, hata kama imekosea kwingine.

Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo yote na kulishika lililo jema, na hakuna kupima bila kutazama. Parokia na dayosisi za Mwanza zinaweza kuionyesha filamu hii pamoja na wavuvi, wachuuzi wa samaki na wahudumu wa afya. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichokua kutoka taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960, kinaweza kuongoza mjadala huo kwa maswali matatu: ni lipi la uongo, ni lipi la kweli, na kwa lile la kweli tunawiwa nini na nani? Kukemea filamu kunalinda heshima yetu mbele ya wageni. Kujibu swali la tatu kutatudai bajeti za majimbo, muda wa wachungaji na ujasiri wa kuzungumza na wenye viwanda, na huo ndio utetezi wa imani ambao wavuvi wanaweza kuupima wenyewe.