Kabla ya Kilakala kulikuwa na Marian

Wadau, hapa Dodoma tunaongea sana habari za akina mama wa Bungeni, ila ni nadra mtu kuuliza walisomea wapi. Ukifuatilia, njia inakutoa kwenye uwanda huu mkavu wa Ugogo na kukushusha Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwenye shule ya wasichana ya Kilakala.

Zamani iliitwa Marian College. Ilikuwa ya masista wa Maryknoll, Wamarekani walioingia Tanganyika mwaka 1948. Walitaka binti asome sekondari sawasawa na kaka yake. Leo jambo hilo ni la kawaida, enzi zile halikuwa. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning.

Gertrude Mongella aliondoka kisiwani Ukerewe akiwa na miaka 12 kwenda kwa masista hao. Hebu fikiria mzazi wa miaka ya 1950 akimruhusu binti wa umri huo avuke ziwa, kisha asafiri nusu ya nchi, eti anakwenda shule! Majirani walisema nini, sijui. Mwaka 1995 binti huyo ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing, na 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Baada ya Azimio la Arusha serikali ilizichukua shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Marian ikawa Kilakala. Naona serikali ilifanya haki, maana shule nzuri zilikuwa chache mno kuachiwa makanisa yachague nani aingie. Kinachoniudhi ni jina kufutika pamoja na wenyewe. Anna Makinda alisoma Kilakala, na Novemba 2010 Wabunge walimchagua hapa Dodoma kuwa Spika wa kwanza mwanamke. Sifa zilimiminika kila upande. Masista nani aliwataja?

Mazengo yetu, iliyokuwa Alliance ya wavulana, ilirudishwa kwa Waanglikana, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St. John's. Kilakala imebaki ya serikali, ikipokea wasichana wenye vipaji maalumu kama dada yake Msalato, hapo njia ya Arusha. Irudishwe? Mimi nasema hapana. Ila pale getini waandike basi nani aliijenga.