Mkuki wa Akheri

Kusamehe ni neno jepesi mdomoni, lakini ni mzigo mzito begani. Naliandika hili nikikumbuka kipindi ambacho mimi na kaka yangu hatukusalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nilidai kwamba masale yamesogezwa hatua mbili. Kwa hatua mbili za migomba, tuliketi mabenchi ya mbalimbali kanisani, na wote wawili tulishiriki Meza ya Bwana.

Sisi watu wa Akheri tuna historia yenye kutufundisha jambo hilo. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika huku Meru kutoka Kilimanjaro, wakitafuta mahali pa kujenga. Usiku wa kuamkia Oktoba 20 waliuawa kwa mikuki, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Siku zile Kapteni Johannes na askari wake walikuwa karibu. Machoni pa vijana walioshika mikuki, mzungu wa Biblia na mzungu wa bunduki walikuwa kitu kimoja.

Kisha kikaja kisasi. Johannes aliwaongoza askari wake na wapiganaji wa Kichaga wakaupiga mlima. Watu wengi waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, nyumba na migomba ikateketezwa. Je, kisasi kilileta amani? Mwaka 1900 viongozi wa Kichaga, wa Kimeru na wa Kiarusha walinyongwa pamoja huko Moshi. Kamba ya mtawala haikuuliza nani alikuwa rafiki jana.

Mtume Paulo, katika Warumi 12, anawaonya waumini wamwachie Mungu kisasi, na adui akiwa na njaa wampe chakula. Hakubuni fundisho hilo. Alilichota katika Mithali 25. Ni hekima ya jikoni na ya mlangoni, si ya mimbarani tu.

Mwaka 1902 wamisionari walirudi, wakaanza kazi Nkoaranga, juu ya mlima uleule uliowamwaga damu wenzao. Wakazi nao, waliokuwa na majivu ya nyumba zao moyoni, waliwasikiliza. Nani alimsamehe nani? Nadhani pande zote mbili zilikuwa na la kusamehe.

Tena mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi wapewe walowezi. Safari hii wajukuu wa wenye mikuki hawakuua mtu. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akadai haki. Basi kusamehe si kunyamaza. Mtu aweza kudai shamba lake bila kumchukia aliyelichukua.

Jioni moja nilikata mkungu wa ndizi, nikaenda kwa kaka. Nilipobisha hodi, alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Karibu, mdogo wangu." Mpaka haukumalizika siku ile, wazee walikuja kuupima baadaye, na sehemu ya madai yangu haikuwa kweli. Ningalijuaje hilo, kama ningaliendelea kukaa na mkuki moyoni?

Wewe je, masale yako yako wapi?