Kabla ya kuvunja ukuta wa fleti ya zamani, angalia boriti

Mtu akinunua au akirithi fleti ya zamani mjini, siku hizi jambo la kwanza analotaka ni kuvunja kuta, ili jiko na sebule viwe ukumbi mmoja wenye hewa na mwanga. Ni wazo zuri. Lakini ukuta upi unavunjika na upi hauguswi? Tuchukue mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako nyumba nyingi kubwa zimegawanywa kuwa makazi ya familia kadhaa.

Nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta ni nene, mara nyingi nusu mita, na ndani hazina nondo. Sakafu za ghorofa zimelazwa juu ya boriti za mikoko, nyingi zikiwa zililetwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Wenzetu wa huko wanaujua mti huo: ni mgumu, ila boriti iliyonyooka haiwi ndefu sana. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba.

Basi tazama dari. Ukuta ambao ncha za boriti zimeingia ndani yake ndio unaobeba. Ukiuondoa, sakafu ya juu inabaki bila tegemeo, na juu yake anaishi jirani na wanawe. Ukuta mwembamba uliojengwa baadaye kugawa chumba huenda ukaondoka salama, lakini hata huo aukague mhandisi kwanza.

Jambo jingine ni saruji. Mafundi wengi huipenda kwa sababu inakauka haraka, lakini kwenye ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani, na ncha za boriti zikaoza bila mtu kuona. Tumia chokaa.

Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, hivyo ukarabati unahitaji kibali. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili walifariki.

Nawe fundi au kibarua uliyeitwa kutoka kijijini kwenda kuvunja, omba uone kibali kabla hujashika nyundo. Wewe ndiye utakayekuwa chini ya dari hiyo.