Pumzi ya Datsun

Ukifungua boneti ya Datsun 240Z unakutana na uamuzi mmoja wa wahandisi wa Nissan ambao mafundi wameushughulikia kwa zaidi ya miaka 50. Injini ni L24: silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393. Kabureta ni mbili, na ziko upande wa kushoto. Ekzosi nayo? Upande huo huo, chini ya kabureta. Yaani pale injini inapovutia pumzi ndipo inapotemea moto, na bomba la chuma linaloungua linaoka kabureta kutoka chini kama mahindi ya kuchoma. Likwamishe gari hilo kwenye jam ya Mombasa Road saa nane mchana na petroli inaanza kuchemka ndani ya bakuli za kabureta. Gari zuri hivyo, limekohoa, limezima, na matatu nyuma yako inapiga honi.

Haikuwa uzembe. L24 kimsingi ni injini ya Datsun 1600, ile saloon ya kawaida ya familia, iliyoongezwa silinda mbili. Kuweka mlango wa kuingia na wa kutoka upande mmoja kulifanya kichwa cha injini kuwa rahisi na nafuu kutengeneza, na joto la ekzosi husaidia petroli kugeuka mvuke asubuhi ya baridi. Nissan walitaka kuuza gari la michezo kwa bei ambayo mwalimu wa California angeweza kulipa, na kuanzia mwisho wa 1969 walifanya hivyo. Bei ya chini ina gharama yake, na kwenye gari hili gharama hiyo iko chini ya boneti upande wa kushoto.

Sasa tuhesabu kidogo, maana stori hii haieleweki bila namba. Injini ya lita 2.4 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inajaza silinda zake zote mara 3,000. Zikijaa kabisa, hizo ni lita 7,200 za hewa kila dakika. Lile tangi jeusi la lita 5,000 juu ya nyumba za ploti lingemalizwa kwa sekunde 42 hivi. Na si ujazo unaotoa nguvu bali uzito: kila kilo ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa iungue sawasawa. Hewa ya nyuzi 60, joto la kawaida kabisa chini ya boneti, ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko hewa ya nyuzi 20.

Hapo ndipo wauza vifaa huanza kuimba. Lakini kwa vitendo hasara ni kama nusu ya hiyo, kwa sababu hata hewa baridi hupashwa tena ikipita kwenye manifoldi na kugusa kuta za silinda. Tuseme asilimia sita. Nissan waliwatangazia Wamarekani nguvu farasi 151, zilizopimwa kwa mtindo wa ukarimu wa wakati ule. Lete gari Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hata ukikumbuka kwamba huku kuna baridi kuliko Mombasa, bado hewa yetu ni pungufu kwa karibu asilimia 16. Umebaki na 127. Ukiiacha injini ivute joto la ekzosi, unatoa nyingine saba au nane. Mwinuko hatuwezi kuushusha. Hizo nane ndizo tunazopigania, na ndizo zilizozaa historia yote hii.

Wamarekani ndio walioifanya hewa baridi kuwa fasheni. Mwaka wa 1964 Ford walitoa Fairlane Thunderbolt, gari la mbio fupi za kunyooka, kama mia hivi tu. Taa mbili za ndani mbele ziliondolewa, mashimo yakafunikwa wavu, na mabomba mawili manene yakapitishwa kutoka hapo hadi kwenye kabureta juu ya injini ya V8. Haikuwa na urembo wowote: mashimo pale upepo ulipo, bomba hadi pale njaa ilipo. Mpaka leo sijaona muundo ulio mwaminifu zaidi.

Pontiac walikuwa wajanja kwa njia nyingine. GTO yao ilikuja na tundu juu ya boneti, lakini lilikuwa la sura tu, limezibwa. Mwaka wa 1965 wakaanza kuuza kupitia kwa mawakala wao kifurushi chenye sinia la chuma na sponji la kuziba kati ya kabureta na boneti, na mwenye gari akatakiwa kulitoboa tundu hilo mwenyewe. Kampuni kubwa duniani inakuuzia kazi ya jua kali uimalizie kwako nyumbani! Chevrolet wakafuata wazo jingine: tundu linaloangalia nyuma, kuelekea kioo cha mbele, kwa sababu hewa inayogonga chini ya kioo hujikusanya pale na shinikizo lake hupanda. Kwenye Chevelle ya 1970 kulikuwa na kifuniko kilichofunguka chenyewe ukikanyaga mafuta. Watoto wa mtaa lazima walisimama kutazama.

Kuna uongo mmoja uliozaliwa enzi hizo na bado unaishi, hata hapa kwetu kwenye Subaru zenye matundu ya kubandika: kwamba upepo wa mbele husukuma hewa ndani ya injini na kuongeza nguvu. Piga hesabu. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo unaongeza shinikizo la chini ya nusu ya asilimia moja. Kwa 160, asilimia moja na kidogo. Tundu linasaidia kwa sababu hewa ya nje ni baridi. Mambo ya kusukuma ni hadithi za baa.

Kisha viwanda vyenyewe vikageuka. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970 ililazimisha magari kupunguza moshi mchafu, na injini huchafua zaidi ikiwa bado baridi. Kwa hiyo chombo cha filta kikapewa bomba la pili linalovuta hewa iliyopashwa makusudi juu ya ekzosi, pamoja na kilango cha kuchagua joto. Ilikuwa na sababu nyingine pia: petroli ikigeuka mvuke hufyonza joto, na kwenye hewa yenye unyevu barafu inaweza kujiunda ndani ya kabureta hata nje kukiwa nyuzi 10. Anayeendesha gari la kabureta kutoka Limuru alfajiri ya Julai asicheke. Lakini kwa kijana aliyenunua gari la michezo, lile bomba la joto lilikuwa tusi, na kulitoa kukawa jambo la kwanza alilofanya Jumamosi.

Afrika Mashariki ilikuwa na ugomvi tofauti na hewa. Safari Rally ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka 20 ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda 1970 kwa Datsun 1600 SSS, kisha 1971 kwa 240Z yenyewe, huku Shekhar Mehta akifuata wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka wa 1973 Mehta akashinda kwa 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun. Ndiyo maana wazee wengi hapa wakiona umbo lile la pua ndefu hawasemi Nissan. Wanasema Safari.

Kwenye Safari, hewa baridi haikuwa swali la kwanza. Swali lilikuwa hewa safi. Vumbi la murram ni mchanga uliosagwa, na mchanga ni mgumu kuliko kuta za silinda. Likipita kwenye filta linachubua ringi na kuta taratibu, mpaka injini inaanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Dereva aliyemkaribia mwenzake alikuwa anavuta vumbi lake lote. Halafu mvua za Pasaka. Miaka ya baadaye magari ya Safari yalijulikana kwa bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ili injini ipumue juu ya mto. Injini ikimeza maji hakuna mjadala, kwa sababu maji hayabanwi. Pistoni inapanda, inakutana na ukuta, na mkono wa pistoni unapinda. Mafuriko ya Nairobi ya Aprili 2024 yalitukumbusha somo hilo bure, ama tuseme kwa bei ya injini nzima.

Tusisahau kwamba nyingi ya kazi hizi zilifanywa na watu wa hapa, mikono kwenye grisi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na Volvo PV544 aliyoshindia 1965 akiwa na kaka yake Jaswant ilikuwa gari lililokwisha kutumika. Ukiambiwa kwamba kurekebisha gari kuukuu ni utamaduni ulioingia nchini na filamu za mbio za magari za 2001, mwambie msee arudi nyuma miaka 36.

Na kama unadhani mambo ya bomba la hewa ni ya watoto, uliza Toyota. Miaka ya 1990 Celica ilitawala Safari, na Mkenya Ian Duncan akaishinda 1994. Wasimamizi wa mbio za dunia, wakitaka kupunguza nguvu, waliamuru hewa yote ya tabo ipite kwenye tundu moja, na 1995 tundu hilo likabanwa hadi milimita 34. Kwenye mbio za Catalunya mwaka huo, wakaguzi waligundua kwamba kifaa cha Toyota kilisogea kwa siri kikishafungwa na klipu zake, na kuacha upenyo mdogo sana wa hewa kupita pembeni. Ukikifungua ili ukikague, kinarudi mahali pake halali. Timu ilifutiwa pointi na kufungiwa mwaka mzima. Upenyo wa milimita chache tu! Kazi ilikuwa nzuri kiasi kwamba wakubwa wa mchezo wenyewe waliistaajabia huku wakiwaadhibu.

Turudi kwa Datsun, kwa sababu leo mtu akipata moja hapa Nairobi anapata na shida yake ileile. Kununua filta mbili za koni zinazong'aa na kuzifunga moja kwa moja kwenye kabureta ni kosa la kwanza la kila mtu. Sauti inakuwa tamu, kweli. Lakini sasa injini inavuta hewa ya juu ya ekzosi bila kizuizi chochote, kwa hiyo umelipa doo kuifanya ivute joto zaidi.

Kazi yenyewe huanza na kadibodi. Unakata na kukunja mpaka upate umbo la boksi linalofunika midomo ya kabureta zote mbili bila kugusa boneti, kisha fundi wa mabati anainakili kwa aluminiamu. Vile vikombe vyenye midomo ya tarumbeta vinavyoongoza hewa ndani ya kabureta visitupwe. Vinabaki ndani ya boksi. Kutoka kwenye boksi, bomba la inchi tatu au nne linapita mbele hadi pembeni mwa rejeta, upande wa nje, juu kiasi kwamba dimbwi halitalifikia. Filta inakaa mahali unapoweza kuitoa kwa mkono, maana kwa vumbi letu utaitoa mara nyingi. Mipira midogo ya kupumulia ya bakuli za kabureta na ule wa injini yote inarudishwa ndani ya boksi, la sivyo umefunga mlango wa mbele na kuliachia vumbi dirisha.

Wengine hutumia bomba la plastiki la maji taka kwa sababu ni rahisi na liko kila hardware. Mbele kabisa, karibu na rejeta, linaweza kuvumilia. Karibu na ekzosi, hapana. Plastiki hiyo inalainika ikikaribia nyuzi 80, na bomba lililolegea likinyonywa linajikunja na kuinyima injini pumzi ukiwa katikati ya kupita lori. Na kabla ya haya yote, weka bati la kukinga joto kati ya ekzosi na kabureta, likiwa na nafasi ya hewa pande zote mbili. Bati hilo la bei ya chakula cha mchana hufanya kazi zaidi ya nusu ya mradi mzima, ila halipigi picha vizuri, ndiyo maana hakuna anayelisifia.

Ukimaliza, hewa inayoingia imekuwa nzito, lakini kabureta hazijui. Zinaendelea kutoa petroli kwa kipimo cha zamani, na mchanganyiko unaweza kupungukiwa. Endesha, zima, toa plagi uziangalie: rangi ya kahawia ni sawa, masizi meusi petroli imezidi, nyeupe kama chaki simama hapo hapo urekebishe kabla pistoni haijayeyuka. Kisha tafuta kipimajoto cha bei nafuu chenye waya, ingiza ncha yake ndani ya boksi, na uende Thika Road na kurudi. Linganisha na joto la nje. Tofauti ikiwa nyuzi tano, umefaulu. Ikiwa 25, kuna mwanya mahali fulani kwenye sponji la boksi, na kadibodi bado iko pale gereji.