Damu kuganda kwa mja mzito: hatari haiishi siku ya kuzaa

Wifi yangu alikuwa siku ya 12 ndani ya arobaini yake mguu wa kushoto ulipovimba. Alikuwa amezaa kwa opareshini. Nyumbani tukasema ni baridi, mafuta ya kumkanda yakatafutwa. Mama wa kukanda ndiye aliyekataa kuugusa, akasema apelekwe hospitali. Skani ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa paja.

Mimba huifanya damu igande upesi, ili mama asivuje sana akizaa. Tumbo nalo huibana mishipa, ndiyo maana mara nyingi huwa mguu wa kushoto. Bonge likikatika na kufika mapafuni, huua.

Kuipima hatari hii huanza kwa maswali. Kubwa kuliko yote: umewahi kugandwa na damu, wewe au mzazi wako au ndugu wa tumbo moja? Kisha huhesabiwa umri wa zaidi ya miaka 35, unene, uzazi wa mara tatu au zaidi, pacha, presha ya mimba, sigara, siko seli, kutapika hadi kuishiwa maji, kulazwa, na safari ya zaidi ya saa 4 (basi la Mombasa kwenda Lamu limo). Kwa mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa 2015, mwenye mambo manne hufikiriwa sindano za heparini tangu mwanzo wa mimba, mwenye matatu tangu wiki ya 28. Heparini haivuki kwenda kwa mtoto.

Hesabu hiyo hurudiwa akilazwa, na tena akishazaa, kwa sababu opareshini, kuvuja damu nyingi na homa ya uzazi huongeza hatari. Hapa ndipo tunapojisahau. Wiki 6 za baada ya kuzaa ndizo za hatari zaidi, nazo ni arobaini yetu hasa, mzazi amelazwa kitandani hata maji analetewa. Siipingi arobaini, mwenyewe nimekaa. Lakini mzazi atembee chumbani na anywe maji.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe. Akikosa pumzi ghafla, kifua kikamchoma au akakohoa damu, ni hospitali usiku huohuo.

Wifi alidungwa sindano kwa wiki nyingi huku akinyonyesha. Mimba nyingine ikija, Inshallah, jambo la kwanza atakalomwambia muuguzi wa kliniki ni mguu ule.