Mgeni Alale Wapi? Kutoka Lubunga na Tembe hadi Lupango za Wageni za Lulimba

Msafiri anayefika Lulimba jioni, awe ametokea Fizi, Misisi ama Kabambare, swali lake la kwanza ni moja tu: nitalala wapi? Siku hizi jibu ni jepesi. Kuna lupango yenye vyumba vidogo vidogo vinavyotazamana, mlango mmoja wa kuingilia, na uwanja katikati ambako watu wanaoga, wanafua na kuegesha pikipiki. Unalipa franka, unapewa ufunguo, unalala. Asubuhi unaondoka na hakuna aliyekuuliza mama yako ni nani. Hiyo ndiyo desturi mpya. Lakini swali lenyewe ni la zamani, na wazee wetu walikuwa na jibu lingine.

Tuanze na kwetu. Kwa Babembe kila kijiji kilikuwa na lubunga, yaani nyumba ya wanaume. Pale moto uliwashwa, chakula kililetwa kutoka kwa wanawake na kuliwa pamoja, mashauri yalikatwa, na vijana walisikia habari za ukoo. Mgeni naye alipokelewa pale. Aliketi, akapewa maji na chakula, kisha akaulizwa habari: unatoka wapi, wewe ni wa ukoo gani, safari yako ni ya nini? Yale maswali hayakuwa udadisi tu. Mgeni akisha kujitambulisha mbele ya wazee, alikuwa na watu wa kumjibia. Akiibiwa, ni aibu ya lubunga nzima. Na yeye akiharibu, wazee wanajua pa kupeleka neno.

Karne ya 19 ilileta namna nyingine ya kulaza wageni. Misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Mtowa, halafu ikaelekea Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Katika njia hiyo, upande wa Unyamwezi hasa, msafiri alilala ndani ya tembe. Tembe ni nyumba ya pembe nne: kuta nene za udongo na miti, paa la bapa lililofunikwa udongo, vyumba vikizunguka uwanja, na mlango mkubwa mmoja. Mbele ya mlango kulikuwa na baraza, na hapo ndipo mwenyeji na mgeni walipoketi kupeana habari.

Tembe inayojulikana sana ni ile ya Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora. Stanley alikaa huko kwa miezi kama mitatu mwaka 1871, akiwa katika safari ya kumtafuta Livingstone. Mwezi wa nane mwaka huo vita ya Mirambo ilifika hadi Tabora, na nyumba hiyo ikatobolewa matundu ya bunduki. Ule uwanja wa wageni ukawa boma. Mwaka 1872 Stanley alirudi pale pamoja na Livingstone. Stanley akaondoka mwezi wa tatu, na mzee akabaki miezi mitano na zaidi akingoja wapagazi. Leo nyumba hiyo, iliyotengenezwa upya, ni makumbusho.

Jirani zetu wa Kabambare nao wamo katika historia hii. Livingstone alifika kwao mwaka 1869, na kuanzia katikati ya 1870 alilazwa huko miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Wafanyabiashara wa pwani, kama Mohamad Bogharib, ndio waliomlisha na kumtunza. Yeye aliyepinga biashara ya watumwa aliishi kwa ukarimu wa wale waliokuwa wanaifanya. Jambo hili linatufundisha tusiseme mambo nusu-nusu. Tembe ilikuwa na mkeka safi na wali kwa mgeni mheshimiwa, lakini katika njia ileile mateka walilala na minyororo shingoni. Kiswahili tunachokisema Fizi kilipita humo humo, pamoja na machozi ya watu wetu.

Kabambare ilitekwa na majeshi ya Leopold mwaka 1894. Baadaye ukoloni ukajenga kando ya barabara nyumba za mapumziko za serikali. Wanakijiji walizitunza, lakini aliyelala humo alikuwa mkubwa wa serikali. Kwa mara ya kwanza mgeni alilala kijijini bila kuwa mgeni wa mtu.

Hatuko peke yetu katika mabadiliko haya. Kule Beijing, China, kuna nyumba za kale zinazoitwa siheyuan: majengo manne yanayozunguka uwanja, mlango mmoja, wakubwa wa familia wakikaa upande wa kaskazini ili jua liwaingilie. Baada ya mwaka 1949 nyingi zilipangishwa familia kadhaa ndani ya uwanja mmoja. Kuanzia miaka ya 1990 nyingi zikabomolewa ili mji upanuke. Chache zimekuwa nyumba za wageni za bei nafuu, ambamo vijana wanaosafiri wanalala wengi katika chumba kimoja, lakini jioni wanakutana uwanjani kwa chai. Wenzetu wameuza kitanda, lakini katika nyumba hizo wamebakiza uwanja.

Na sisi? Tangu vita ya 1996 Fizi imeona watu wengi wakikimbia, na waliowapokea hawakuwa wenye otele. Zilikuwa familia zilizosogeza mikeka na kugawa sombe na ndakala. Ile sheria ya lubunga haijafa. Imehamia jikoni kwa mama zetu. Kumbe inakosekana mahali inapohitajika zaidi, yaani katika lupango za kulipia, ambako mchimba dhahabu, mfanyabiashara, mkimbizi na mwenye nia mbaya wanalala ukuta kwa ukuta bila kujuana.

Hatusemi mgeni alale bure. Hata methali inakubali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pesa ndiyo jembe la siku hizi. Tunachosema ni kwamba anayejenga vyumba vya wageni Lulimba asijaze uwanja wote kwa vyumba. Aache pa kuketi: mti, benchi, moto wa jioni. Na aketi hapo yeye mwenyewe, ama aweke mzee mmoja, wa kumwambia kila anayeingia: karibu, habari za utokako? Mgeni akijibu swali hilo, amepata zaidi ya kitanda. Amepata mtu wa kumjibia, na kijiji nacho kinajua ni nani amelala ndani yake.