Umunani, Mirathi na Hatimiliki: Ardhi ya Marehemu Isiyosajiliwa katika Historia ya Rusizi

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mashamba ya wakulima katika mkoa wa zamani wa Cyangugu, ambao mwaka 2006 uligawanywa kuwa wilaya za Rusizi na Nyamasheke, yalimilikiwa bila hati. Utawala wa kikoloni uliwapa hati walowezi, misheni na makampuni. Wakulima waliachiwa mila. Uhuru haukubadili hali hiyo. Sheria ya tarehe 4 Machi 1976 ilidai kibali cha waziri kwa anayeuza haki yake ya kimila, lakini ilihusu uuzaji, si urithi.

Mwenye shamba alipofariki, ushahidi wa haki ya warithi ulikuwa vinywani mwa majirani na wazee wa ukoo. Aidha, sehemu ya mgawanyo ilikuwa imekwisha kufanyika kabla ya kifo. Kinyarwanda hutofautisha umunani, yaani fungu ambalo kimila baba alimpa mwanawe wa kiume anapooa, na izungura, yaani kurithi baada ya kifo. Neno la Kiswahili mirathi, lenye asili ya Kiarabu, huhusu mali ya aliyekwisha kufa. Kuutafsiri umunani kwa neno hilo ni kufuta tofauti yenye uzito: fungu lililotolewa na baba aliye hai lilikuwa limekwisha kutoka katika mali yake.

Uzito huo ulidhihirika baada ya 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza wamiliki pamoja na majirani ambao wangekuwa mashahidi wao. Katika mwaka huohuo watu wengi walivuka mto Ruzizi kuingia Bukavu, na wengine hawakurudi. Wajane na mabinti walibaki kudai mashamba ambayo mila haikuwapa. Sheria Na. 22/99 ya tarehe 12 Novemba 1999 iliwapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa ya kurithi. Hata hivyo, haki sawa katika shamba lililobaki huwa finyu iwapo kaka wote walikwisha kupewa umunani.

Sheria ya ardhi ya 2005 ilifanya usajili kuwa wa lazima. Kampeni ya kitaifa iliyofuata ilitumia picha za angani, na mipaka ilionyeshwa mbele ya majirani. Kufikia 2013, zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi vilikuwa vimepimwa nchini. Ada ya hati ya kwanza kwa kipande cha kawaida ilikuwa faranga 1,000, na migogoro mingi ilipelekwa kwa abunzi, wapatanishi wa jamii.

Usajili wa kwanza ulimfuata mkulima shambani. Uhamisho baada ya kifo, kinyume chake, humtaka mrithi aifuate ofisi, akiwa na uthibitisho wa kifo, makubaliano ya warithi wenzake na ada ambayo kwa miaka kadhaa ilifikia takriban faranga 30,000. Zaidi ya hayo, sheria za 2005 na 2013 zilikataza kugawa shamba la kilimo katika vipande vya chini ya hekta 1, katika nchi ambayo kaya nyingi hazifikishi hekta hiyo. Matokeo yake ni kwamba ndugu hugawana kwa kupanda ua, huku hati ikibaki na jina la marehemu. Ardhi iliyosajiliwa hurudi kuwa, kwa vitendo, isiyosajiliwa. Anayeumia zaidi ni mwanamke ambaye ndoa yake haikufungwa kiserikali, kwa kuwa ushahidi wake ungali vinywani mwa watu, wakati ofisi inadai karatasi.

Kutokana na historia hiyo, mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, huduma ya uhamisho wa mirathi iwafikie warithi katika kila akagari, kama ulivyowafikia usajili wa kwanza, na kwa ada wanayoimudu. Pili, Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kisilazimishwe kuziba pengo kwa neno moja. Maelezo ya sheria kwa wasemaji wa Kamembe na Bugarama yabakize neno umunani na kulifafanua, ili binti anayeambiwa kwamba mirathi imekwisha kugawanywa aweze kuuliza ni fungu lipi lililogawanywa, na lini.